Kumwonyesha mtoto maisha ya Bushman, gorila wa Chicago, kwa siku moja

Beba penseli mbili na daftari lisilo na mistari. Usisahau chakula, kwa sababu mtoto mwenye njaa hasikilizi hadithi ya mtu wala ya mnyama.

Mimi ni mzaliwa wa Voi, siku hizi naishi Rogers Park, kaskazini mwa Chicago. Safari hii nimeifanya mara nne na binti yangu Wakesho, na ile ya kwanza niliipanga vibaya. Nilianzia kwa gorila walio hai, na tulipofika kwa Bushman mtoto alikuwa amechoka, akaona sanamu kubwa jeusi tu. Kwa hiyo anzia kwa aliyekufa, umalizie kwa walio hai.

Fika Makumbusho ya Field asubuhi mlango unapofunguliwa; mwili wa Bushman umehifadhiwa humo nyuma ya kioo. Kiingilio chake kinauma mfukoni, lakini wakazi wa Illinois hutengewa siku za bure. Angalia kalenda kabla ya kutoka nyumbani. Watoto wetu watataka kwanza simba wa Tsavo, wale wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Wape nafasi. Hata mimi siwezi kuwapita wanyama wa kwetu bila kusimama. Halafu muulize askari yeyote wa makumbusho Bushman yuko wapi.

Ukifika kwenye kioo chake, usianze na uzito wake. Mkalishe mtoto sakafuni, mwambie achore pua. Pua tu. Kila gorila ana mikunjo yake ya pua, na watafiti huwatambua kwa mikunjo hiyo kama sisi tunavyotambuana kwa sura. Mtoto akishatazama pua moja kwa dakika kumi, hawezi tena kusema "gorila wote wanafanana".

Anapochora, wewe simulia. Bushman alitoka Kameruni akiwa bado mdogo, akafika katika bustani ya wanyama ya Lincoln Park mwaka 1930, akauzwa kwa dola 3,500. Jina hilo la "mtu wa porini" alipewa na watu. Mtunzaji wake, Eddie Robinson, alikuwa akimtoa nje akiwa amefungwa kamba, wakicheza mpira kwenye nyasi. Akakua, akafikia karibu kilo 250, matembezi yakakoma. Tangu hapo dunia yake ikawa kizimba, na umati mbele yake. Alikuwa na shabaha: wapiga picha walirushiwa chakula, na hata mavi. Watoto hucheka hapo. Waache wacheke, wapate kumpenda.

Mwaka 1950, mwezi wa Juni, habari zilienea kwamba anakufa, na inasimuliwa kwamba watu 120,000 walikwenda kumtazama kwa siku moja. Akapona. Oktoba mwaka huohuo alitoka kizimbani, akazurura jikoni na kwenye korido za jengo, na kilichomrudisha ndani ni kanyoka kadogo kasicho na sumu. Gorila mkubwa namna ile, akamkimbia nyoka wa bustanini! Alifariki tarehe 1 Januari 1951.

Sasa jiandae kwa swali. Wakesho aliliuliza bila kuinua uso kutoka kwenye daftari: "Na mama yake?"

Usilikwepe, na usiseme "alibaki msituni" ili mambo yaishe. Mimi nilijibu hivi: enzi hizo hakuna gorila hata mmoja aliyekuwa amezaliwa katika bustani ya wanyama. Wa kwanza, Colo, alizaliwa Columbus, Ohio, Desemba 1956, Bushman akiwa ameshakufa. Kwa hiyo kila gorila aliyeonyeshwa zamani hizo alinyakuliwa porini, na kwa kawaida wawindaji waliwaua wakubwa ili wampate mtoto, maana mama gorila hamwachii mtu mwanawe. Nikanyamaza. Akaendelea kuchora, kisha akauliza kama Bushman alipata mke. Hakupata, wala mtoto. Ukiwa na mtoto mwenye moyo mwepesi, mshike mkono hapo. Wangu alitaka tukae kidogo zaidi, tukakaa.

Kuleni, kisha mwende katikati ya mji mpande basi namba 151 hadi Lincoln Park, mahali palepale Bushman alipoishi. Kuingia ni bure. Nendeni moja kwa moja kwenye jengo la nyani wakubwa wa Afrika, lililofunguliwa mwaka 2004, ambamo gorila wanaishi kwa makundi. Mfundishe mtoto adabu kabla hajaingia: asigonge kioo, asijipige kifua, asimkodolee macho dume mwenye mgongo wa rangi ya fedha, kwani kwake kukodolewa macho ni uchokozi. Akae chini kimya. Achague gorila mmoja, achore pua ya huyo, pembeni ya ile ya asubuhi. Nusu saa ndiyo inayofaa. Katika dakika tano utaona migongo tu. Sisi tulipokaa nusu saa tuliona mdogo akimpanda mkubwa kichwani, akishushwa, akipanda tena.

Nguvu zikiwabakia, siku nyingine nendeni bustani ya wanyama ya Brookfield, nje kidogo ya Chicago. Huko mwache mtoto awafasirie wengine jina la gorila jike Binti Jua, aliyezaliwa Columbus mwaka 1988 na kulelewa na watu badala ya mama yake. Alipokuwa na mimba, watunzaji walimfundisha kwa mwanasesere jinsi ya kumbeba mtoto na kumnyonyesha. Tarehe 16 Agosti 1996 mvulana wa miaka mitatu aliangukia ndani ya eneo la gorila, akazimia. Binti Jua alimwinua, na mwanawe Koola akiwa mgongoni, akambeba hadi kwenye mlango wanaopitia watunzaji, akamlaza hapo.