Hesabu hadi herufi ya 35: saratani kwa penseli na karatasi

Miaka mingi nilikariri "DNA, RNA, protini" kama kibwagizo na mitihani nikafaulu. Kisha mwanafunzi akaniuliza herufi moja inaletaje saratani, nikabaki nimekodoa macho. Tangu siku hiyo mada hii siifundishi bila penseli na karatasi ya miraba.

Andika mwanzo wa sehemu inayotafsiriwa ya KRAS, jeni inayohusika na saratani, kama unavyosomeka kwenye RNA mjumbe (nakala ya jeni inayopelekwa kutengeneza protini):

AUG ACU GAA UAU AAA CUU GUG GUA GUU GGA GCU GGU

Usinakili kutoka kwenye uzi wa DNA ulio kiolezo, ule ambao herufi zake ni jozi za hizi, ukadhani ndio huu. Wengi huteleza hapo.

Ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini, husoma herufi tatu tatu kuanzia AUG; kila tatu ni kodoni moja, na kodoni hutaja asidi amino, yaani tofali la protini. Chukua jedwali la kodoni utafsiri mwenyewe, bila kuruka. Ya 12, GGU, ni glisini, asidi amino ndogo kuliko zote: tawi lake la pembeni ni atomu moja tu ya haidrojeni. Udogo huo ndio kisa chote.

Hesabu sasa hadi herufi ya 35, G ya katikati. Ifute, weka A. Umepata GAU, asidi aspatiki. Usiishie hapo, kodoni hiyo ina mabadiliko tisa ya herufi mojamoja, yajaribu yote. Ukigusa herufi ya tatu hakuna kinachotokea, maana GGA, GGC na GGG zote ni glisini. Ukigusa ya kwanza au ya pili unapata sita: serini, arginini, sisteini, asidi aspatiki, valini, alanini. Zote sita zimekutwa kwenye uvimbe wa saratani za watu.

Kwa nini? Protini ya KRAS ni swichi ya kuiamuru seli igawanyike. Ikishika GTP, molekuli ndogo yenye fosfati tatu, imewaka. Ikiikata fosfati moja ikawa GDP imezimika. Protini nyingine huisaidia kukata kwa kuingiza "kidole" cha arginini jirani kabisa na glisini ya 12. Weka yoyote kati ya zile sita, hata alanini, kidole hakikai sawasawa na swichi huzimika kwa nadra.

Chora mishale ya protini zinazopokezana amri: KRAS, RAF, MEK, ERK. ERK huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kama ya saiklini D1, inayoisukuma seli igawanyike. Angalia: jeni ya saiklini yenyewe haijaguswa, ila amri ya kuisoma haikatiki. (Jeni zilizo breki za kugawanyika, kama TP53, kwa kawaida nazo huwa zimeharibika, ndipo uvimbe ukue kweli.)

Zoezi la mwisho. Rudisha GGU, kisha badilisha G ya kwanza iwe U. UGU ni sisteini, yenye salfa. Dawa ya sotorasib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, hunasa salfa hiyo na kuifunga KRAS ikiwa imezimika. Tazama tena ile GAU uliyoandika mwanzo: haina salfa, dawa haina pa kushika.