Kuchagua baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma kwa mwendeshaji mrefu

Hivi karibuni nilimsaidia binamu yangu, mwenye urefu wa sentimita 196 na uzito wa kilo 102, kutafuta baiskeli ya kupandia vilima vya Ngong na kupita katika njia za msitu wa Karura. Niliikubali kazi hiyo kwa sababu mimi mwenyewe, nikiwa na sentimita 193, niliwahi kununua baiskeli ya mtumba iliyobandikwa herufi XL, nikateseka nayo msimu mzima bila kujua kosa liko wapi. Utaratibu huu ndio tuliofuata, na hatua ya nne ni ndefu kuliko nyingine kwa sababu ndiyo iliyonigharimu.

Hatua ya kwanza: jipime

Urefu wa jumla hautoshi. Simama bila viatu ukiegemea ukuta, bana kitabu kigumu kati ya mapaja hadi kiguse kinena, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kipimo hicho kwa 0.883, nawe utapata umbali unaokaribia kukufaa kati ya katikati ya ekseli ya pedali (ile iliyo ndani ya fremu, ambayo mikono ya pedali huizungukia) na juu ya kiti. Binamu yangu alipata sentimita 94, kwa hiyo kiti chake kinakaa kwenye sentimita 83.

Hatua ya pili: amua mchezo wa shokapu

Mchezo ni umbali ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka shokapu ikifanya kazi. Kwa njia za huku, milimita 120 hadi 150 za mchezo wa gurudumu la nyuma zinatosha. Magurudumu yawe ya inchi 29. Kwa mtu wa kimo hiki sioni sababu ya kujadili saizi nyingine.

Hatua ya tatu: soma jedwali la vipimo, achana na herufi

XL ya kampuni moja inaweza kuwa L ya kampuni nyingine, na XL ya mwaka 2014 mara nyingi ni fupi kuliko L ya leo. Tafuta namba mbili. Ya kwanza ni richi, yaani umbali wa mlalo kutoka mstari wa wima unaopita kwenye ekseli ya pedali hadi kilele cha bomba la usukani, lile la mbele ya fremu. Ya pili ni staki, yaani kimo cha kilele hicho juu ya ekseli hiyo. Kwa mtu wa sentimita 193 hadi 198 mimi huanzia richi ya milimita 500, na staki isiyopungua 640.

Namba hizi mbili zisomwe pamoja. Staki ikiwa fupi utalazimika kuweka pete nyingi chini ya stemu, yaani kipande kinachoshika usukani, na kwa kuwa bomba la usukani limeegemea nyuma, kila milimita 10 za pete huirudisha mikono yako takriban milimita 4. Richi uliyoilipia inaliwa hivyo. Mimi hupendelea usukani uliopinda juu kwa milimita 40 au 50 badala ya mnara wa pete, na stemu ndefu siitaki kabisa kwenye baiskeli ya aina hii. Ukinunua mtumba, tazama pia kama mwenyewe wa kwanza alilikata bomba la foki, yaani uma wa mbele unaoshika gurudumu, linalopita ndani ya fremu, kwa sababu likishakatwa fupi halirefushwi.

Hatua ya nne: tafuta mahali kiti kitakapoangukia

Naomba msomaji asiiruke sehemu hii. Majedwali hutaja mwinamo wa bomba la kiti, tuseme digrii 76, na mnunuzi huamini kwamba bomba lenyewe limesimama kwa digrii hizo. Mara nyingi sivyo. Katika baiskeli yenye shokapu ya nyuma, bomba la kiti hulazimika kuipisha shokapu na gurudumu, hivyo huanzia mbele ya ekseli ya pedali au hupindwa njiani, kisha huegemea nyuma kwa digrii 70, 68 au hata 66. Zile 76 ni za mstari wa kufikirika unaotoka kwenye ekseli ya pedali hadi pale ambapo mlingoti wa kiti (nguzo inayobeba kiti na kuingia ndani ya bomba la kiti) hukutana na usawa wa kilele cha bomba la usukani. Kwa mtu ambaye kiti chake kinakaa kwenye usawa huo, jedwali linasema kweli. Mtu mrefu hukipandisha kiti kupita hapo, na kila sentimita anayoongeza humpeleka nyuma kwa kuufuata mwinamo halisi wa bomba, si ule wa jedwali.

Chukua mfano wa binamu yangu. Kwenye staki ya milimita 640, mwinamo wa digrii 76 unamweka milimita 160 nyuma ya ekseli ya pedali. Lakini kiti chake kipo kwenye kimo cha wima cha takriban milimita 800, yaani bado kuna milimita 160 za kupanda. Ikiwa bomba halisi limeegemea kwa digrii 66, kupanda huko kunamrudisha nyuma milimita 71 zaidi, na jumla inakuwa 231 badala ya 200 alizodhani amenunua. Sentimita tatu zimepotea, na digrii 76 zimegeuka 74. Ongeza jambo moja: ukiketi kwenye mlima, shokapu ya nyuma huzama. Yenye mchezo wa milimita 150 ikizama kwa asilimia 30, nyuma hushuka milimita 45, na kwa umbali wa milimita 1,280 kati ya ekseli za magurudumu hiyo ni kama digrii 2 nyingine. Sasa unapanda kwa digrii 72, karibu umekaa juu ya gurudumu la nyuma.

Dalili zake nilizijua mwilini kabla ya kuzijua kwenye karatasi. Gurudumu la mbele lilikuwa likinyanyuka kila nilipokanyaga kwa nguvu, usukani ukayumba, nami nikawa nalaza kifua juu ya stemu hadi kiuno kikauma. Nililaumu stemu. Jumamosi moja nilishinda kutwa nzima nikibadilisha stemu tatu, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia, na nilichopata ni baiskeli inayochelewa kukata kona na bado inanyanyuka. Ajabu ni kwamba richi ilikuwa sawa wakati wote. Richi hueleza unavyojisikia ukiwa umesimama juu ya pedali. Ukiwa umeketi, kinachotawala ni mahali kilipo kiti.

Kifaa kilichonifumbua macho ni timazi, niliyoiazima kwa fundi mwashi aliyekuwa akijenga ukuta wa jirani. Ziko programu za simu za kupima digrii, lakini mlingoti wa kiti ni mfupi na wa duara, na simu ikiteleza kidogo jibu linabadilika. Uzi hauna ubishi. Simamisha baiskeli kwenye sakafu iliyo sawa, bila mtu juu yake, na hakikisha matairi yote mawili yana upepo wa kutosha. Weka kiti kwenye kimo chako wewe, si cha muuzaji. Ning'iniza timazi kutoka katikati ya kiti, kisha pima umbali wa mlalo kutoka uzi hadi katikati ya ekseli ya pedali. Pima na kimo cha wima cha kiti juu ya ekseli hiyo. Gawanya cha kwanza kwa cha pili. Nikipata zaidi ya 0.28, siinunui, hata bei iwe ya kutupa. Kukisogeza kiti mbele kwenye reli zake kunaokoa sentimita moja hivi, na si busara kupita alama zilizochorwa kwenye reli.

Ikiwa muuzaji yuko mbali, mwombe picha ya ubavuni, mlingoti ukiwa umevutwa hadi kipimo chako, kamera ikiwa kwenye usawa wa pedali na hatua kadhaa kutoka kwenye baiskeli. Picha iliyopigwa kutoka juu au karibu mno hupindisha kila kitu. Kipenyo cha gurudumu la inchi 29 pamoja na tairi lake kinakaribia milimita 740, kwa hiyo unaweza kukitumia kama rula ndani ya picha.

Angalia vilevile umbali kati ya ekseli ya pedali na ekseli ya nyuma. Kampuni nyingi huuacha uleule kwa saizi zote, jambo linalomwonea mtu mrefu. Baadhi, kama Norco, huurefusha kadiri fremu inavyokua.

Hatua ya tano: mlingoti wa kiti

Mlingoti unaoshushwa kwa kitufe ni lazima, na kwa miguu hii chagua wenye mshuko wa milimita 200 au zaidi. Hakikisha alama ya chini kabisa ya mlingoti inazama ndani ya fremu kiti kikiwa kwenye kimo chako, kwa sababu nguvu za mtu mrefu hupasua bomba la kiti pale juu. Kipenyo cha milimita 34.9 nakipenda kuliko 30.9.

Hatua ya sita: uzito na shokapu

Gawanya mchezo wa gurudumu kwa mchezo wa shokapu yenyewe, yaani umbali ambao shokapu hujibana. Milimita 150 kwa 60 ni 2.5, na hiyo inambeba mtu wa kilo 100 bila taabu; 150 kwa 50 ni 3, na utajikuta ukiukaribia ukomo wa upepo ulioandikwa kwenye shokapu. Vaa vifaa vyako vyote, keti, kisha tazama ile pete ndogo ya mpira iliyo kwenye fimbo ya shokapu: kwa shokapu ya milimita 60, isogee kama 18. Diski ya breki ya mbele iwe ya milimita 200 au 203. Kwa mtumba nachagua fremu ya alumini, kwani ufa wake huonekana kwa macho.

Hatua ya saba: ijaribu mlimani

Usiijaribu kwenye maegesho. Tafuta mteremko mkali, upande ukiwa umeketi, kwa gia nyepesi kuliko zote. Binamu yangu alikataa mbili kwa njia hiyo, moja ikiwa mpya kabisa. Ya tatu, ya mtumba, ilitoa 0.27 kwenye timazi. Aliilipia jioni hiyohiyo, na kitu pekee tulichobadilisha ni usukani, kutoka uliopinda milimita 20 hadi wa 50.