SOMO: Umebadili injini, mipira ya hita haina pa kupita. Soma hapa kabla hujaiziba

Wakuu habari za jumapili. Hili somo nimechelewa kuliandika ila wiki hii imenibidi, nimeletewa gari imebadilishwa injini vizuri kabisa, maunti (vishikizo vya injini) zimekaa, waya zimefungwa safi, halafu njia ya hita, ile mipira inayopeleka maji ya moto ya injini kwenye rejeta ndogo ya ndani ya dashibodi, imezibwa kwa boliti na klempu. Nauliza kwanini, naambiwa "mipira ilikuwa inagusa bati fundi akaona aitoe tu". Mwenye gari anakaa Makambako! Sasa mtu wa Makambako unamtolea hita, mwezi wa saba alfajiri kioo kikijaa mvuke aendeshe kwa kufuta na kitambaa? Dar utaona hita ni pambo, ila ukipanda Njombe, Mbeya au huko Limuru kwa majirani utaijua kazi yake.

Ntatumia mfano wa gari yangu mwenyewe, Hilux Surf ile ya 130 iliyokuwa na 3VZ, ile V6 ya 3.0, nikaweka 1UZ-FE V8 ya Crown, cc 3968. Wese msiniulize. Nimeichagua kwa sababu 1UZ ndo inasumbua hasa, nyuma ya hedi (vichwa vya silinda) zake mbili kuna kipande cha aluminiamu kinaziunganisha kama daraja, maji ya moto ya hita yanatokea hapo, na hapo ndo panapoangaliana na lile bati la kati linalotenga injini na dashibodi. Injini nyingine kanuni ni ile ile.

HATUA YA 1: jaribishia injini ikiwa imevaa

Hapa ndo watu wengi wanapoharibu. Unashusha injini ikiwa tupu, daraja la nyuma umelitoa ili iingie kirahisi, unaona nafasi ipo, unachomelea maunti. Siku ya kufunga unarudisha daraja na mpira wake unakuta limeng'ata bati. Maunti ishachomelewa, giaboksi ishakaa, utafanyaje, ndo boliti na klempu zinapoingia.

Kwaiyo shusha injini na daraja lake, manifoldi zake za ekzosi na giaboksi ikiwa imeshikana nayo, maunti zishike kwa nukta mbili tatu za weldi tu. Kisha pitisha mkono. Mimi kipimo changu ni vidole viwili vilale kati ya bati na kitu chochote kigumu cha injini, maana injini inacheza kwenye raba zake, ukikanyaga mafuta inalala upande. Mwambie mtu aisukume na mtaimbo huku wewe unachungulia na tochi.

Na kabla hujaishusha kabisa, kwenye 1UZ stata iko chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, katikati ya V. Fungua huko ukiwa bado na injini chini, badili oringi na mipira yote ya maji utakayoikuta, cheki stata. Ikija kuvuja ikiwa ndani ya gari utalia.

HATUA YA 2: tafuta nafasi, kwa mpangilio huu

Kwanza sogeza injini mbele kama feni inaruhusu. Mimi nilitoa feni ya injini nikaweka ya umeme, nikapata sentimita kadhaa za bure bila kukata kitu.

Ikigoma, badili uelekeo wa mdomo wa maji. Ule mdomo unaotoka kwenye daraja ukatwe, uchomelewe ukiwa umegeukia pembeni au juu. Hii ni aluminiamu ya kumwaga, mpelekee fundi wa argoni (weldi ya gesi inayochomelea aluminiamu), usimpe yule wa geti na madirisha. Akimaliza lilaze daraja juu ya kioo au bati lililonyooka uone kama uso wa gasketi haujapinda kwa moto, ukiwa umepinda usawazishwe la sivyo litavuja tu hata upake silikoni debe zima.

Bati ligongwe mwisho. Na kabla hujagonga toa kapeti na lile godoro la ndani, angalia upande wa pili kuna nini. Mimi nilijifanya najua, nikagonga kwa nyundo ya kilo mbili, nikapasua boksi la plastiki la hita lililokuwa limeegemea bati. Siku nzima ya kushusha dashibodi ilikwenda hivyo. Weka kipande cha mbao, gonga kidogo kidogo, usikaribie servo ya breki (lile dude la duara linalosaidia breki), ukimaliza paka primer na rangi pale chuma kilipobaki wazi.

Zile paipu mbili zinazotokeza kwenye bati usizikate wala kuzichomelea zikiwa kwenye gari, zimeshikana na rejeta ndogo ya hita ndani, joto linaenda kuyeyusha maungio yake.

HATUA YA 3: mipira

Toyota nyingi mpira wa hita ni milimita 16 kwa ndani. Nunua mpira wa hita wenyewe, wa upepo au wa mafuta hautakaa. Kona kali usilazimishe mpira ulionyooka, utajikunja na maji hayatapita, nenda kwa wauza spea za used ukachague mpira wenye kona yake tayari, gari yoyote, ukate unachotaka. Kama umetengeneza paipu ya chuma mwisho wake uwe na ukingo ulioinuka kidogo wa kuzuia mpira usichomoke. Na skrubu ya klempu iangalie pale spana yako itakapofika injini ikiwa ndani, hili dogo ila utanishukuru. Ekzosi ikiwa karibu weka bati la kukinga joto.

Kujaza maji: pua ya gari ipande mlimani, hita weka kwenye moto kabisa, jaza taratibu, washa, endelea kujazia mpaka mapovu yaishe. Shika mipira yote miwili ya hita, yote iwe ya moto. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa imechemka, hili sirudii.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Dar: Mkuu mimi sihitaji hita kabisa, nikiziba kuna shida?
Jibu: Kama lazima, usizibe, unganisha mpira wa kwenda na wa kurudi ili maji yaendelee kuzunguka. 1UZ themostati yake (valvu inayofungua maji kulingana na joto) iko upande wa maji yanayorudi injini, mzunguko wa nyuma ukiufunga themostati inaanza kubahatisha. Ila mvua za masika kioo kikijaa ukungu utanikumbuka. Pia gari ikianza kupanda joto kwenye foleni ukifungulia hita inakusaidia kufika pembeni.

Mdau wa Njombe: Nimefunga kila kitu, hita inatoa moto nikikanyaga mafuta tu, injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga) hita inakuwa baridi.
Jibu: Hewa imebaki, au maji pungufu. Rudia kujaza ukiwa mlimani. Ikiendelea, mpira mmoja wa moto mwingine wa baridi, rejeta ndogo imeziba, ioshe kwa mpira wa bustani kinyume na njia yake, presha ndogo, usitumie compressor.

Mdau wa Nakuru: Sasa mkubwa, mimi nimetoa injini ya dizeli ya 2LT nikaweka 1KZ, dizeli pia. Mpira wa heater umepasuka mara mbili, mekanika anasema ni kwa sababu unapita karibu na turbo.
Jibu: Yawezekana, hamisha njia yake na uweke paipu ya chuma sehemu ile. Lakini 1KZ ina historia ya hedi kupasuka kaka. Mara mbili ni nyingi. Asubuhi injini ikiwa baridi fungua rejeta, washa, kama mapovu hayaishi au maji yanaruka basi ni presha ya moto wa silinda inaingia kwenye maji, utabadili mipira mpaka uchoke.

Mdau: Naweza kutumia yale mabomba ya plastiki ya maji ya moto ya nyumbani?
Jibu: Hapana.

Mdau wa Dar tena: Nimekuelewa, naunganisha. Ila kadi ya gari bado inasoma injini ya zamani.
Jibu: Hiyo kairekebishe TRA (mamlaka ya mapato) wiki hii hii, kabla ya hita.