Kuanza biathloni ukiwa Dar es Salaam

Biathloni ni mbio za skii kwenye theluji, bunduki ikiwa mgongoni, unasimama kupiga shabaha tano kisha unaondoka tena. Theluji hatuna, lakini siyo inayowaangusha wengi. Kinachowaangusha ni kutuliza mkono wakati moyo unapiga mara 160 na zaidi kwa dakika, na hilo linafundishika hata Sinza au Mbagala.

Vipimo kwanza. Shabaha ziko umbali wa mita 50. Duara jeusi unaloliona ni la milimita 115. Ukipiga wima lote ni lako, ukipiga umelala kifudifudi zinahesabika milimita 45 za katikati tu. Bunduki ni ya risasi ndogo za .22, haipungui kilo 3.5, wala haina darubini. Katika mbio nyingi, kila shabaha unayokosa inakupeleka kwenye mzunguko wa adhabu wa mita 150.

Usikimbilie kutafuta bunduki. Silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na bila kibali humiliki. Nenda kwa fundi seremala, Keko hawakosekani, akuchongee ubao wa kama mita moja wenye kitako na mahali pa kushika, afunge vyuma mpaka mizani isome kilo 3.5. Mahali pa kidole abandike kipande cha raba. Upake rangi ya njano na uubebe ndani ya mfuko. Kitu chenye umbo la bunduki hakitembezwi barabarani.

Juu yake funga kwa selotepu kalamu ya leza. Ukutani, mita 5 kutoka ulipo, chora duara la milimita 11.5, na ndani yake jingine la 4.5: ni uwiano uleule wa mita 50. Weka simu pembeni irekodi hilo duara. Asipite mtu mbele, hasa mtoto, maana leza huumiza macho.

Ukiwa wima, elekeza ubavu wa kushoto kwenye shabaha, kiwiko cha kushoto kiegemee mfupa wa nyonga. Uzito ubebwe na mifupa. Ukiubeba kwa bega, baada ya muda mfupi tu nukta itaanza kuzurura. Toa pumzi, isitishe pale inapoishia yenyewe, finya raba taratibu kuelekea nyuma. Sekunde 2 au 3 zinatosha. Ukichelewa, macho yanaanza kufifia nawe unafyatua kwa pupa, kwa hiyo ni heri uvute pumzi uanze upya. Kisha tazama video polepole. Nukta ikiruka pembeni wakati wa kufinya, unakwanyua. Ukiwa umelala na nukta inapanda na kushuka sawa na mapigo ya moyo, mkanda unaoshikiza ubao mkononi umebana mshipa: ulegeze au usogeze.

Fanya hivyo ukiwa umetulia, dakika 20 kila jioni, kwa wiki tatu. Wenye haraka huruka hatua hii, nao ndio wanaobaki na mkono wa kubahatisha.

Baada ya hapo ongeza mbio. Kimbia mita 800 kwa kasi ambayo huwezi kuongea sentensi nzima, punguza mita 50 za mwisho, shika ubao, vuta pumzi mbili tatu, piga tano ndani ya sekunde 30, ondoka. Rudia mara nne: lala, lala, simama, simama. Anza saa 11 na nusu alfajiri. Wakati wa kaskazi jasho halikauki na moyo hupanda hata kwa mwendo wa kawaida, hivyo fuata mapigo, achana na saa.

Skii za magurudumu tafuta zilizotumika. Nyingi hazina breki. Vaa helmeti na glavu, fimbo ziwe kama asilimia 90 ya kimo chako. Miinuko ya Mlimani inafaa Jumapili alfajiri, kupanda tu. Kushuka, zivue utembee. Jihadhari na mchanga wa pembeni mwa lami, unakamata gurudumu na unaanguka kifudifudi.

Kuhusu ajira: huwezi kujiandikisha peke yako kwenye mashindano ya shirikisho la kimataifa, IBU. Unapelekwa na chama cha nchi ambacho ni mwanachama, nacho hapa lazima kwanza kisajiliwe na Baraza la Michezo la Taifa, kwa hiyo hangaikia hilo mapema. Ujerumani, Italia na Austria, wanabiathloni wengi ni waajiriwa wa jeshi, polisi au forodha na wanalipwa huku wakifanya mazoezi. Majeshi yetu nayo yana timu za michezo, na kwa maoni yetu ndiyo njia bora kwa kijana wa hapa, kwa sababu huko ndiko kuliko na viwanja vya kulenga.

Mkenya Philip Boit, mkimbiaji, alianza skii ukubwani na mwaka 1998 akashindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani. Kwa hiyo pumzi ya mkimbiaji inahamishika. Ukipata safari ya theluji, mfano ukumbi wa skii wa Oberhof, Ujerumani, wiki ya kwanza bunduki isiguse mgongo wako. Inavuta mwili nyuma kabla hujajua kuegemea mbele.