Tinti ya gari: namna ya kuisafisha bila kuiharibu

Gari yangu ya kwanza yenye tinti niliiharibu kwa usafi. Nilikuwa na ile dawa ya vioo ya rangi ya bluu, inanuka kali mpaka pua inawasha, basi kila wikiendi napuliza, nafuta, napuliza tena, najiona msafi kuliko wote. Baada ya muda tinti ikaanza kugeuka rangi kwenye kona, mara ikawa kama imeota malengelenge, nikaenda kumgombeza fundi aliyeibandika kumbe muuaji ni mimi na kichupa changu.

Shida ni kwamba watu tunaona kioo tunafikiri tunasafisha kioo. Tinti nyingi ni karatasi nyembamba ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi upande wa NDANI wa kioo, na ile plastiki ni laini, haina hata sehemu moja ya kumi ya milimita kwa unene. Kwa hiyo nje unaosha kioo, ndani unaosha plastiki, shika hilo tu na mengine yote hapa chini utaona yanajileta yenyewe.

Ila kwanza hakikisha unayo hiyo ya kubandika, maana kuna magari yanatoka kiwandani vioo vya nyuma vikiwa vyeusi tayari na pale rangi iko ndani ya kioo chenyewe, hakuna cha kubanduka wala kugeuka zambarau, safisha kama kioo kingine chochote. Kujua ni rahisi, shusha kioo cha mlango kidogo uangalie ukingo wa juu. Kama ni ya kubandika mara nyingi utaona mstari ambapo karatasi imeishia, au pitisha kidole taratibu kwa ndani utausikia. Na angalia kioo kimoja kimoja, kuna watu wanabandika tinti juu ya kioo ambacho tayari ni cheusi cha kiwandani.

Kama umeibandika juzi tu, weka kitambaa chini kabisa, usiguse kitu. Fundi anabandika kwa maji yenye sabuni, na yale maji yanabaki kidogo katikati ya karatasi na kioo, yanatakiwa yakauke polepole kupitia kwenye hiyo karatasi. Siku 3 hadi 5 za mwanzo usishushe kioo, mimi huwa naweka selotepu juu ya swichi maana mkono una mazoea yake na abiria ndo usiseme. Kusafisha kwa ndani subiri kama siku 30, jua likiwa kali inakauka haraka zaidi, kukiwa na baridi au mvua nyingi inachelewa. Hapo katikati utaona vipovu vidogo vya maji na ukungu ukungu hivi, usipaniki na usichukue sindano kutoboa wala kadi kukandamiza, vitaondoka vyenyewe. Kipovu ambacho mwezi umepita bado kipo, au chenye punje ya uchafu katikati, hicho hakiondoki, mrudie fundi mapema kabla hajakusahau.

Haya sasa dawa. Adui namba moja ni amonia. Hiyo ndo inayoipa ile dawa ya bluu harufu ya kuwasha, kwenye kioo kitupu inafanya kazi nzuri sana, lakini kwenye tinti inakula karatasi na gundi kidogo kidogo, rangi inapauka, karatasi inakuwa ngumu na kavu halafu inaanza kuachia. Haiharibu siku moja, na hapo ndo inapowadanganya watu, unatumia leo unaona kioo kinang'aa unasema mbona sawa tu. Soma nyuma ya chupa, ukiona amonia kwa jina lolote rudisha kwenye shelfu. Zipo dawa zilizoandikwa kabisa kwamba zinafaa kwa tinti, na kama hutaki kununua basi maji safi ya vuguvugu na matone mawili matatu ya sabuni ya kuoshea vyombo au shampuu ya watoto kwenye chupa ya kupuliza yanatosha. Matone nimesema, ukimwaga sabuni nyingi utashinda unafuta povu na mistari. Maji yako yakiwa ya chumvi yataacha madoa meupe, hivyo tafuta maji laini, hata ya mvua yaliyochujwa vizuri yanafaa.

Sabuni ya unga, steel wool, upande mgumu wa sponji, brashi, wembe, vyote hivyo visikaribie upande wa ndani. Na magazeti pia, najua wazee wetu walisafishia vioo magazeti na vikatakata, lakini vile havikuwa na plastiki juu. Taulo za karatasi za jikoni nazo zinaweza kuacha mikwaruzo midogo ambayo mchana huioni, usiku taa za gari la nyuma zikipiga ndo unaona kioo kizima kimejaa nywele nywele.

Unachohitaji ni vitambaa viwili vya maikrofaiba, kimoja cha kulowesha na kingine kikavu, na visiwe vile ulivyofutia rimu jana. Chembe moja ya mchanga kwenye kitambaa inatosha kuchora ramani.

Gari ikae kivulini kioo kipoe, kwenye jua dawa inakauka kabla hujafuta na ndo inaacha mabaka. Anza na nje ili uchafu wa ndani uuone vizuri, kisha shusha kioo kidogo ufute ule ukingo wa juu unaojificha ndani ya raba, wengi wanausahau halafu wanashangaa mstari wa uchafu unatoka wapi. Ukihamia ndani, ondoa vumbi kwanza kwa kitambaa kikavu kwa kugusa tu bila kukandamiza. Halafu puliza dawa kwenye KITAMBAA, sio kwenye kioo, kwa sababu ukipulizia kioo maji yanateremka mpaka chini yanaingia kwenye kingo za karatasi na mengine yanazama kwenye swichi za mlango, sasa unasafisha tinti unaua kioo cha umeme. Futa kutoka juu kwenda chini mkono mwepesi, geuza kitambaa upande msafi, na kabla hakijajikausha chenyewe pita na kile kikavu. Ukifika kwenye kingo futa kutoka katikati kuelekea pembeni, usifanye kinyume, ukitoka pembeni kuja katikati unaweza kuinua kona.

Kioo kikubwa cha nyuma kina mambo yake. Ile mistari myembamba unayoiona imelala ni nyaya za kuondoa ukungu, na tinti imebandikwa juu yake, hivyo futa kwa kufuata mistari, kulia kwenda kushoto, usikate juu chini kwa nguvu. Kona zake ni mbovu kufikia, mimi nakaa siti ya nyuma nageuza mkono nasukuma kitambaa kwa mgongo wa kiganja, hakuna ustaarabu hapo.

Kama una mtoto utakutana na pipi, mate na alama za vidole vya kila rangi. Usikwangue. Lowesha kitambaa kwa maji ya sabuni ya vuguvugu kiweke juu ya doa dakika chache lilainike, kisha futa, rudia kama halijatoka. Stika iliyobandikwa juu ya tinti ni kesi ngumu zaidi, ilainishe hivyo hivyo na uivute polepole sana ikiwa imelala karibu na kioo, usiivute kuja kwako, na ukiona tinti inaanza kuifuata acha hapo hapo. Ushauri wangu usibandike kabisa. Hata vile vishikio vya simu na vizuia jua vyenye vikombe vya kunyonya, vikikaa muda mrefu kwenye tinti vinaacha duara na siku ya kuvitoa vinaweza kuondoka na kipande.

Ukiona mistari ya wima kwenye kioo cha mlango, kama mtu kachora kwa msumari kutoka juu hadi chini, usimlaumu mtoto. Angalia ile raba yenye manyoya chini ya kioo, ndimo mchanga unapojificha, kila ukishusha na kupandisha kioo unasaga. Safisha raba hiyo kwa brashi laini au kifyonza vumbi, na kama umetoka njia ya vumbi usishushe vioo mpaka uoshe. Mikwaruzo ikishaingia haitoki, polishi ndo inazidi kuiharibu.

Unapopeleka gari kuoshwa, waambie kabla hawajaanza kwamba ndani ya vioo wafute kwa maji tu. Mimi nawapa kitambaa changu kabisa, wananicheka, wacha wacheke.

Tinti ikishageuka zambarau hakuna dawa ya kuirudisha. Tinti za bei nafuu zinapata weusi wake kwa kuchanganya rangi kadhaa, jua linazipausha kwa kasi tofauti, inayobaki ndo ile zambarau. Malengelenge makubwa baada ya miaka nayo ni gundi imechoka, kutoboa hakusaidii, ni kubandua na kuweka upya. Kona moja iliyoinuka inaweza kuokolewa na fundi ukiwahi, ila usiweke supagluu, inaacha doa gumu jeupe na fundi atalazimika kutoa karatasi nzima. Vioo vya milangoni ukiwa na subira unaweza kubandua mwenyewe kwa mvuke au hea draya, pasha taratibu huku unavuta karatasi, gundi inayobaki ilainishe kwa maji ya sabuni. Kioo cha nyuma mwachie fundi, waya mmoja ukikatika mstari wote unakufa, na asubuhi za ukungu utaendesha unachungulia nyuma kupitia kauwazi ka kufuta kwa mkono.