Unga wa muhogo mchungu: ulowanishe kabla ya kusonga

Makopa ya muhogo mchungu yaliyoanikwa tu juani, bila kulowekwa, hubaki na sumu ndani, hata yakauke kau. Sumu hiyo ni linamarini, na tumboni inaweza kutoa sianidi. Kimeng'enya (kichocheo cha asili) cha kuivunja, sianidi ikatoka hewani kama gesi, kimo humohumo kwenye muhogo, ila kinahitaji maji na muda.

Tia unga kwenye beseni, usawazishe, weka alama ulipofikia. Ongeza maji baridi kidogokidogo ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukirudi kwenye alama, acha. Tandaza kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita 1, kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Songa ugali siku hiyohiyo, maana unga uliolowa ukilala huota ukungu.

Wengi hukosea kwenye unene: wakirundika, gesi ya sianidi haipati pa kutokea. Maji ya moto nayo huua kimeng'enya, sumu ikabaki palepale. Na usiufunike.

Ukila unga wenye sumu unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Ukiliwa wiki kwa wiki bila mboga yenye protini, kama wakati wa ukame, huweza kuleta konzo: miguu hupooza ghafla na haiponi, hasa kwa watoto na kina mama walio katika umri wa kuzaa. Maharage, dagaa au mayai hulisaidia ini kuiondoa sianidi, kwa hiyo usiule mtupu.