Usimpe malenga dakika, mpe beti: kuandaa usiku wa sanaa mtaani Tanga

Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa Makorora alinifuata. Alitaka kuwakusanya washairi, waandishi na wachoraji uani kwao, lakini hakujua aanzie wapi. Mimi nimeshaandaa kadhaa huku Ngamiani, na mmoja uliniharibikia vibaya. Niliyomweleza ni haya.

Hatua ya 1: Ruhusa

Barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala kwa afisa utamaduni. Basi.

Hatua ya 2: Siku na saa

Wengi hukimbilia Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani. Mimi huiacha ipite, maana malenga wazuri siku hiyo wameshaalikwa kwingine. Tafuta usiku wa mbalamwezi, tarehe 13 hadi 15 za mwezi mwandamo. Umeme ukikatika bado mnaonana.

Anza saa 2:15 usiku, isha ikiwa imeshasaliwa. Ukianza baina ya magharibi na isha, nusu ya watu watanyanyuka mshairi yuko katikati ya ubeti.

Hatua ya 3: Orodha ya wasomaji

Hapa ndipo nilipoumbuka. Mara ya kwanza niliandika “dakika tano kila mtu” nikajiona nimemaliza kazi. Mzee mmoja akasimama na utenzi wake. Dakika tano zikapita, kumi, ishirini. Nani amkatishe mtu mzima mbele ya wajukuu zake? Nilimwonyesha saa kwa mbali, akadhani nampungia, naye akanipungia. Alipoketi ilikuwa karibu saa 4, na vijana watatu walikuwa wameshaondoka na daftari zao.

Kosa halikuwa lake. Malenga hahesabu dakika, anahesabu beti. Huu ni mkoa aliozaliwa Shaaban Robert, kule Vibambani mwaka 1909. Hesabu ya mizani, yaani silabi, watu wanaijua, kwa hiyo itumie.

Ubeti wa shairi la kawaida una mishororo 4, kila mshororo mizani 16: jumla 64. Ubeti wa utenzi ni mishororo 4 ya mizani 8: jumla 32. Kwa hiyo ninatoa beti 8 za shairi au 16 za utenzi. Zote ni mizani 512, hakuna wa kulalamika kapunjwa. Mwandishi wa hadithi anapata ukurasa mmoja wa A4. Akisema herufi zake ni ndogo, mwambie azikuze.

Ila angalia: kusoma si kughani, yaani kuimba shairi kwa mahadhi. Nilipima kwa simu. Ubeti unaosomwa kwa sekunde 20 ukighaniwa hufika 45, na wasikilizaji wakiitikia kibwagizo ndiyo zaidi. Muulize kila mtu mapema ataghani au atasoma. Anayeghani, beti 6. Wasomaji wasizidi 12.

Wazee usiwatumie ujumbe wa simu. Nenda nyumbani, toa shikamoo, kaa, kunywa unachopewa, kisha sema: “Mzee, tunaomba utufungulie kwa beti nane.” Neno ni *utufungulie*. Akifungua ameheshimiwa, na anawahi kulala. Ukimweka mwisho hana wa kumpisha, atasoma mpaka kahawa ipoe. Na mchague mtu wa rika lake akae karibu naye; huyo ndiye atakayesema “ahsante malenga” ikibidi. Wewe usithubutu.

Hatua ya 4: Sauti

Sipendi maikrofoni. Ua wa watu 50 hauhitaji spika, na kwenye mabati spika hupiga mluzi. Msomaji aupe upepo mgongo, ili umpelekee sauti kwa watu.

Hatua ya 5: Picha

Usibandike kwa gundi ya karatasi. Ukuta wa chokaa huachia, na picha huanguka na vumbi lake. Funga kamba, tumia vibanio vya nguo. Zitundike siku hiyohiyo alasiri. Zikilala nje, unyevu wa bahari huzikunja. Wachoraji nao wapewe nafasi ya kusema, sentensi mbili kila mmoja. Wengi wao watashukuru kwa kupewa chache hivyo.

Hatua ya 6: Mikeka, kahawa na kashata

Haya unayajua.

Hatua ya 7: Video

Kabla hujairusha WhatsApp, muulize mwenye shairi. Kuna ambao beti zao zinamhusu jirani aliyekaa mkeka wa pili.